Rügen kwa tanga na kwa tiara: upepo gani, ufukwe upi

Rügen ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ujerumani, chenye eneo la kilomita za mraba 926 hivi, mkabala na mji wa Stralsund kusini mwa Bahari ya Baltiki. Kwenye ramani kinaonekana kimechanikachanika: rasi zimetokeza kila upande, na kati yake yamebaki maji ya ndani yasiyo na kina ambayo wenyeji huyaita bodden. Umbo hilo ndilo linalowaleta watu wa windisafingi (ubao wenye tanga) na kaitisafingi (ubao unaovutwa na tiara), kwa sababu karibu kila mwelekeo wa upepo una ufukwe wake. Lakini ufukwe huohuo uliokuwa mzuri jana unaweza leo kuwa na upepo wa kukatikakatika, au upepo unaokusukuma kwenda bahari kuu. Safari kutoka Wiek kaskazini hadi Thiessow kusini-mashariki huchukua zaidi ya saa moja kwa gari, kwa hiyo anayekosea ufukwe hupoteza nusu siku. Uamuzi wa pa kwenda uufanye asubuhi, utabiri ukiwa mkononi, kabla vifaa havijapanda garini.

Kuusoma upepo wa hapa

Upepo hapa tunautaja kwa upande unakotoka. Unaotawala ni wa magharibi na kusini-magharibi, unaoletwa na migandamizo midogo ya hewa inayopita kaskazini kuelekea Skandinavia. Mpangilio wake ni uleule: upepo huanza kusini-mashariki, huzunguka hadi kusini na kusini-magharibi huku ukiongezeka, kisha mpaka wa hewa baridi ukifika huruka ghafla hadi magharibi au kaskazini-magharibi, ukifuatana na manyunyu na vishindo, yaani upepo mkali wa ghafla. Mruko huo huchukua dakika chache tu. Ukiona ukuta wa mawingu meusi unasogea kutoka magharibi, tiara zote zishushwe, watu watoke majini, na usirudi mpaka upepo utulie kwenye mwelekeo mpya. Wengi wanaoumia na tiara hawaumii kwa sababu upepo ulikuwa mkali tangu mwanzo. Wanaumia kwa sababu walikuwa na tiara ya mita 12 wakati upepo wa noti 16 (noti ni kipimo cha kasi) ulipogeuka wa noti 30.

Aprili na Mei hali hugeuka. Mgandamizo mkubwa ukitulia juu ya Skandinavia, upepo wa mashariki na kaskazini-mashariki unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, na fukwe za bahari kuu upande wa mashariki huwa na mawimbi. Majira ya joto ni dhaifu zaidi: siku nyingi utategemea upepo wa bahari wa mchana, ambao huanza nchi kavu ikishapata joto na kwa kawaida hauzidi nguvu 4 kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort. Vuli, yaani Septemba hadi Novemba, ndiyo miezi ya wenye uzoefu.

Kuna jambo moja kuhusu majira ya kuchipua ambalo utabiri wa simuni hauliweki wazi. Mwezi Mei, hewa yenye joto kutoka kusini-magharibi ikipita juu ya bahari ambayo bado ni baridi, tabaka la chini hupoa na kulala juu ya maji. Upepo wa juu hauchanganyiki nalo. Utabiri unasema noti 18, miti kilimani inayumba, na ukiwa majini unapata noti 12. Siku kama hiyo nenda kwenye bodden, ambako maji hupata joto mapema kuliko bahari ya wazi na tabaka hilo ni hafifu. Vuli ni kinyume: hewa baridi juu ya maji yaliyobaki na joto huchanganyika vizuri mno, na vishindo hupita wastani wa utabiri kwa noti 8 au 10. Chagua tiara au tanga kwa kufuata vishindo, usifuate wastani.

Hewa ya baridi pia ni nzito. Kwenye nyuzi 8 za Selsiasi ina uzito wa takriban asilimia 6 zaidi ya hewa ya nyuzi 25, kwa hiyo noti 20 za Aprili huvuta kuliko noti 20 za Agosti. Aliye katikati ya saizi mbili ashike ndogo.

Kwa utabiri, anza na idara ya hali ya hewa ya Ujerumani, DWD, ambayo hutoa tahadhari ya upepo mkali kuanzia Beaufort 6 na ya dhoruba kuanzia Beaufort 8. Noti 11 hadi 16 ni Beaufort 4, noti 17 hadi 21 ni 5, noti 22 hadi 27 ni 6, na noti 28 hadi 33 ni 7. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa. Vipimo vya papo kwa papo vya kituo cha Arkona, kaskazini mwa kisiwa, vinasaidia, ila kumbuka kituo kiko juu ya rasi, zaidi ya mita 40 juu ya bahari, mahali palipo wazi kwa upepo karibu pande zote. Mara nyingi Arkona husoma juu kuliko utakachopata Wiek au Thiessow. Kitumie kujua mwelekeo na saa ya mabadiliko. Nguvu yenyewe ipime ukiwa ufukweni.

Kina cha maji hubadilika bila kupwa na kujaa

Baltiki karibu haina kupwa na kujaa. Kwa Rügen tofauti ni sentimita chache tu. Hata hivyo maji hupanda na kushuka, na upepo ndio unaoyahamisha. Upepo wa kusini-magharibi wa siku mbili tatu husukuma maji mbali na pwani ya kusini ya Baltiki, na kina cha bodden hupungua kwa makumi ya sentimita. Mahali ulipopita juzi na pezi la sentimita 38 chini ya ubao bila wasiwasi, leo pezi linagonga mchanga, ubao unasimama papo hapo, nawe unarushwa mbele juu ya mlingoti. Upepo ukikatika, maji yaliyorundikana kwingine hurudi, wakati mwingine kwa saa chache tu.

Kaskazini-mashariki huleta kinyume: maji hupanda na ufukwe wa mchanga hufinywa hadi kubaki ukanda mwembamba mbele ya matuta. Ukipita kiasi huwa mafuriko ya pwani. Lile la tarehe 20 na 21 Oktoba 2023 lilivunja magati na kula fukwe nyingi za pwani ya Baltiki ya Ujerumani. BSH, taasisi ya bahari ya Ujerumani, hutoa utabiri wa kiwango cha maji, kwa sentimita juu au chini ya wastani. Usome kila mara unapoelekea bodden. Ukiona sentimita 40 chini ya wastani, beba pezi fupi, la sentimita 20 hadi 25, na hidrofoili (bawa la chini ya maji linaloinua ubao) iache garini: mlingoti wake una sentimita 75 hadi 90, na sehemu kubwa ya maji ya kufundishia hapa hayafiki kiunoni hata siku ya kawaida.

Magharibi na kusini-magharibi

Kwa anayejifunza, jibu la kwanza ni Suhrendorf, kwenye kisiwa kidogo cha Ummanz kilichounganishwa na Rügen kwa daraja. Ufukwe unatazama magharibi kuelekea Hiddensee, na maji hubaki ya magotini hadi kiunoni kwa mamia ya mita kutoka nchi kavu. Hufanya kazi kuanzia kusini, kupitia magharibi, hadi kaskazini. Kisiwa cha Hiddensee huzuia mawimbi ya bahari kuu, kwa hiyo yanayobaki ni mawimbi madogo mafupi. Ubaya wake ni huohuo uhaba wa kina: ukiruka na tiara juu ya maji ya magoti, kosa dogo la kutua linavunja kifundo cha mguu. Kuruka kunataka maji ya mita 1.5 angalau, na upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, pawe wazi.

Wiek, kwenye rasi ya Wittow kaskazini, ni bodden ya pili inayopendwa. Kijiji kiko upande wa mashariki wa Wieker Bodden, na ng'ambo yake, upande wa magharibi, rasi ndefu nyembamba ya Bug hukinga maji na bahari. Upepo wa magharibi unafika baada ya kupita juu ya ukanda huo mwembamba, kwa hiyo ni mzuri huku maji yakiwa tambarare. Kusini-magharibi na kusini huleta mawimbi mafupi zaidi, maana bodden iko wazi upande huo. Chini ni mchanga, mabaka ya matope na nyasi za majini. Vaa viatu vya neopreni, kwa sababu ya kome na vipande vya makombe.

Thiessow, ncha ya kusini-mashariki kabisa, hutazama pande mbili. Ukanda mwembamba wa ardhi unaounganisha Thiessow na Klein Zicker una Greifswalder Bodden upande wa kusini na kidimbwi kikubwa kiitwacho Zicker See upande wa kaskazini. Upepo wa kusini-magharibi hupiga upande wa kusini bila kizuizi, na kwa kuwa Greifswalder Bodden ni pana, mawimbi yake ni makubwa kuliko ya Wiek au Suhrendorf. Upepo ukigeuka kuwa wa magharibi tupu, kilima cha Klein Zicker hutupa kivuli cha upepo kwenye mwisho wa ufukwe. Sogea mashariki mita mia chache, upepo unanyooka tena.

Anayetaka mawimbi kwa upepo wa magharibi na kaskazini-magharibi aende Dranske upande wa bahari kuu, au fukwe za Kreptitz na Nonnevitz kwenye pwani ya kaskazini ya Wittow. Hapa si mahali pa mwanafunzi. Mawimbi ya Baltiki huja karibukaribu, sekunde 3 hadi 5 kati ya moja na jingine, yakiwa na mgongo mkali. Ukianguka huna nafasi ya kupumzika kabla la pili halijafika. Chini ya maji kuna majabali yaliyoachwa na barafu ya zama za kale, mengine yakifika karibu na uso. Tembea ufukweni kwanza, uyaone maji yanapovunjika mahali pasipo na sababu, ukumbuke sehemu hizo. Njia ya kuingilia ndiyo utakayotokea, kwa hiyo ichague kwa kufikiria utarudije ukiwa umechoka.

Kaskazini, kaskazini-mashariki, mashariki

Pwani ya mashariki ina ghuba mbili kubwa, Tromper Wiek na Prorer Wiek, na zote zinahitaji ujue vilima vya pembeni.

Tromper Wiek imezungushiwa ukanda wa mchanga na misonobari uitwao Schaabe, kati ya Juliusruh na Glowe. Ukanda umepinda kama upinde. Upande wa Juliusruh unatazama mashariki, upande wa Glowe unatazama kaskazini. Kwa hiyo upepo wa kaskazini ukivuma, Juliusruh huupata baada ya kupita juu ya nchi kavu ya Wittow, umekatikakatika. Endesha hadi karibu na Glowe. Upepo wa mashariki ukivuma, rasi ya Jasmund huufunika upande wa Glowe. Rudi kuelekea Juliusruh. Kaskazini-mashariki huingia moja kwa moja katikati, na kutoka majini kupita mawimbi ya ufukweni kunataka nguvu. Gari liache kwenye maegesho ya kulipia msituni na ufuate vijia vilivyowekwa, matuta hayakanyagwi.

Prorer Wiek, kati ya Mukran na Binz, hufuata kanuni ileile kwa kugeuza majina. Kaskazini mwa Mukran kuna Jasmund, ambayo hufika mita 161 kwenye Piekberg. Upepo wa kaskazini ukipita juu yake huanguka kwa vishindo juu ya maji ya Mukran, kwa hiyo sogea kusini kuelekea Prora. Upepo ukiwa wa kusini-mashariki, msitu na vilima vya Granitz hufunika upande wa Binz. Sogea kaskazini kuelekea Mukran. Mashariki tupu hufaa ghuba yote. Karibu na Mukran kuna bandari ya meli kubwa: njia ya meli si mahali pa kupumzikia, na meli yenye urefu wa mita 200 haiwezi kukukwepa.

Kusini zaidi, ufukwe mrefu kati ya Lobbe na Thiessow unatazama mashariki na huchukua kaskazini-mashariki, mashariki na kusini-mashariki vizuri. Mwanafunzi anayekutana na wiki ya upepo wa mashariki asilazimishwe kuingia kwenye mawimbi hayo. Mwalimu wake ampeleke Dranske, upande wa bodden: pwani hiyo hutazama mashariki, upepo unamrudisha ufukweni, na mawimbi yanabaki mafupi na ya chini.

Upepo unaotoka nchi kavu

Jambo hili linastahili kichwa chake. Upepo wa kusini-magharibi ukivuma noti 20, Schaabe na Prora huvutia sana: jua, mchanga mweupe, maji laini kama kioo. Maji ni laini kwa sababu upepo unatoka msituni kwenda baharini. Karibu na ufukwe misonobari inaukata, hivyo unapata noti 10 zenye mashimo. Mita 300 nje zipo noti zote 20, zikikusukuma mbali, na mawimbi yanaanza kukua. Kitu kikikatika hapo, kamba ya tiara au mguu wa mlingoti, nchi kavu inayofuata ni kisiwa cha Bornholm, zaidi ya kilomita 80. Usiingie. Gari, na saa moja ya barabara, vitakufikisha upande ambako upepo huohuo unakurudisha.

Vifaa

Kwa mtu wa kilo 75 anayeendesha tiara: mita za mraba 12 kwa noti 14 hadi 18, mita 9 kwa noti 18 hadi 25, mita 7 kwa noti 24 hadi 32. Ukiwa na mbili tu, chukua 12 na 8. Kwa tanga, mtu huyohuyo huhitaji 6.5 kwenye noti 15 hadi 18, 5.3 kwenye noti 20 hivi, 4.5 kwenye noti 25, na 3.7 hadi 4.0 ikifika 30. Ubao wa lita 110 hadi 120 unatosha bodden zote. Kwa mawimbi ya Nonnevitz shuka hadi lita 80 au 90. Chumvi ya maji ya hapa ni gramu 7 hadi 9 tu kwa kilo, dhidi ya 35 za bahari kuu za dunia, na maji hayo mepesi hubeba ubao kwa asilimia 2 pungufu. Mwenye ubao unaomtosha kwa shida nyumbani atauona unazama kidogo.

Pezi ndilo huharibu siku nyingi kwenye bodden. Kuanzia Juni nyasi za majini hukua ndefu, hujifunga kwenye pezi lililosimama wima, ubao unapoteza kasi na kuanza kuteleza upande. Beba pezi lililolala nyuma, ambalo nyasi huteleza juu yake. Ukihisi ubao unazuiwa bila sababu, simama, geuza nyuma kwa mkono, ondoa nyasi; usivute tanga kwa nguvu zaidi.

Suti (namba ni unene wa neopreni kwa milimita): Julai na Agosti 3/2, Mei, Juni na Septemba 4/3, Oktoba na Aprili 5/4 pamoja na viatu, glavu na kofia. Machi maji ni nyuzi 3 hadi 5 tu, na mikono huacha kufungua ndoano ya mkanda kabla hujajisikia baridi mwilini. Weka kikomo cha dakika 45, kisha toka, hata kama unajisikia vizuri. Majira ya joto yana tahadhari zake: bodden zikipata joto na upepo ukilala, mwani wa kijani-buluu huweza kuchanua na maji kuonekana kama supu ya kijani, hapo usiingie. Maji yakizidi nyuzi 20, bakteria wa vibrio huweza kuongezeka, kwa hiyo mwenye kidonda kibichi au kinga dhaifu abaki nje.

Kurusha tiara kwenye ufukwe mwembamba

Fukwe za bodden mara nyingi ni ukanda wa nyasi au mchanga kati ya matete na maji. Kamba za tiara ni mita 20 hadi 24, hivyo ufukwe hautoshi kuirusha upande wa ndani. Rushia majini. Jaza tiara ukiwa nchi kavu, weka mchanga au maji kwenye sehemu ya mbele ili isiruke, na tandaza kamba kutoka kwenye mpini kuelekea kwenye tiara ukizipitisha kati ya vidole, moja baada ya nyingine. Kamba zinazokuvuta mbele ziwe katikati, za nyuma pembeni, nyekundu upande wa kushoto. Hakikisha hakuna fundo. Kisha mtu wa pili aibebe hadi maji ya magotini, pembeni mwa upepo kwako, na asiiachie mpaka umemwonyesha ishara. Kabla ya ishara, sukuma kifyatuo cha dharura uone kinafunguka, kiunge tena, na uangalie kama kamba ya usalama imeshikiliwa pale panapostahili.

Kosa la kawaida ni kamba moja ya nyuma kuzungushwa kwenye ncha ya tiara. Mtu wa pili akiona tiara inatetemeka na kuvuta upande mmoja akiwa bado ameishika, hiyo ndiyo sababu, isirushwe. Kosa jingine ni kurusha tiara ukiwa umesimama joshini, yaani upande upepo unakotoka, mwa matete, nguzo za gati au magari yaliyoegeshwa. Upande wa demani uwe na mita 50 za maji matupu.

Sheria na majirani

Magharibi mwa Rügen, sehemu za Ummanz, Bug na Hiddensee ziko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Vorpommersche Boddenlandschaft, iliyoanzishwa mwaka 1990. Ukanda wake wa kwanza haupitiwi, kwa ubao wala kwa miguu, nje ya njia zilizowekwa alama. Mipaka huonyeshwa kwa maboya na kwenye mabango ya ufukweni, na kwa tiara huwa mikali zaidi. Soma bango kabla ya kupampu, na muulize mfanyakazi wa kituo cha kukodisha akuonyeshe boya la mwisho kwa kidole. Septemba na Oktoba makumi ya maelfu ya korongo hutua eneo hili wakielekea kusini, na jioni hurudi kulala kwenye maji ya kina kifupi. Tiara moja inayopita karibu huwarusha wote, nao hupoteza nguvu wanazohitaji kwa safari. Ondoka majini mapema.

Ndani ya njia za meli zilizowekewa maboya, tanga na tiara haziruhusiwi ila pale palipofunguliwa rasmi. Usiku na kwenye ukungu haziruhusiwi kabisa. Maboya ya manjano mbele ya fukwe za miji ya mapumziko huzunguka eneo la waogeleaji: tembea na ubao wako hadi nje ya eneo hilo. Majira ya kuchipua, Greifswalder Bodden ni mazalio ya samaki aina ya heringi, na wavuvi hutega nyavu zenye vibendera vidogo vyeusi au vyekundu juu ya fimbo. Wavu umo kati ya kibendera na kibendera. Pezi likinasa, wavu huchanika na wewe unafungwa katika maji ya nyuzi 8.

Kati yenu majini: aliye kwenye mwendo wa mkono wa kulia mbele ana haki ya njia, aliye joshini humpisha aliye demani, tiara zikipishana, wa joshini hupandisha yake na wa demani huteremsha. Anayeruka aache mita 50 demani na mita 30 joshini.

Mambo yakiharibika

Mwenye tanga asiuache ubao hata siku moja, hata kama ufukwe unaonekana karibu. Mwenye tiara iliyoanguka isiyopaa tena afyatue kifyatuo, avute kamba ya usalama hadi kwenye mpini, azungushe kamba zote kwenye mpini ili zisimfunge miguu, kisha ajivute hadi kwenye tiara, aigeuze na kuitumia kama tanga kuelekea nchi kavu. Zoezi hili lifanye kwenye maji ya kiunoni Wiek kabla ya kulihitaji kwenye kina. Ishara ya kuomba msaada ni kuinua na kushusha mikono yote miwili kwa pembeni, polepole.

Kutoka ufukweni piga 112. Uokoaji baharini ni kazi ya DGzRS, chama kilichoanzishwa mwaka 1865 na kinachoendeshwa kwa michango. Kina meli na boti kwenye vituo kadhaa vya Rügen, vikiwamo Sassnitz na Glowe. Redio yao ni chaneli 16 ya VHF, na programu yao ya simu, SafeTrx, hukuruhusu kuacha taarifa ya safari yako: ukichelewa kurudi, tahadhari hutolewa. Mwambie pia mtu aliye ufukweni saa utakayotoka.

Andika jina na namba ya simu kwa wino usiofutika juu ya ubao, tiara na tanga. Ubao ukikupotea, pigia waokoaji simu uwaambie, hata kama wewe uko salama nyumbani. Ubao mtupu ukionekana ukielea, boti hutoka kumtafuta mwenyewe, na hurudi tu baada ya kujua yuko wapi.